Ndege ndogo yenye mikia miwili imepita Longido, ni aina gani?

Ng'ombe Kumi: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Jana saa kumi na moja jioni nilikuwa malishoni huku Longido, ikapita ndege ndogo chini chini ikitokea upande wa Namanga. Cessna za watalii nazijua, lakini hii sijawahi kuiona. Kiwiliwili kifupi, kinene kama kiluwiluwi, halafu kwenye mabawa yametoka maboriti mawili marefu kurudi nyuma, yameungana mwishoni. Mlio nao ni wa ajabu, ikishakupita inanguruma kama mashine ya kusaga. Picha sina, simu alikuwa nayo mtoto. Mdogo wangu anasema ni droni ya jeshi, na tumewekeana kreti ya soda.

Jicho Kali: Droni hiyo. Lipa soda.

Fundi Spana: Usilipe kwanza. Ilikuwa na vioo? Mabawa yako juu ya kiwiliwili au chini? Propela uliiona wapi?

Ng'ombe Kumi: Vioo vipo, na mtu nilimwona, amevaa kofia nyeupe. Mabawa yako juu. Propela iko mbele, na nyuma ya kiwiliwili, katikati ya yale maboriti, kuna kitu kingine kinazunguka. Nilidhani macho yangu. Matairi sikuyaona. Chini ya bawa nilisoma 5Y, zilizofuata sikuziwahi.

Fundi Spana: Basi ni Cessna 337, Skymaster. Injini mbili kwenye mstari mmoja, ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma. Ndege za kawaida za injini mbili, moja ikizima, iliyobaki inaivutia ndege upande, na rubani akichelewa kuirekebisha inaweza kumpindua. Hii inaendelea kunyooka. Huo mlio ni propela ya nyuma, inakata hewa ambayo tayari imevurugwa huko mbele. Matairi hukuyaona kwa sababu yanakunjwa. Iliyoitangulia, 336, yalikuwa hayakunjwi. Na 5Y ni usajili wa Kenya, sisi ni 5H.

Babu wa Anga: Sahihi. Ila ule usalama una shida yake: injini ya nyuma rubani haioni. Wapo walioanza kukimbiza ndege ili waruke kumbe ya nyuma imezima, wakaishia porini. Cessna waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo maana ni nadra. Jeshi la Marekani liliitumia Vietnam kwa jina la O-2. Februari 1996 ndege za kivita za Cuba ziliangusha Skymaster mbili za Wacuba wa uhamishoni huko Miami, Marekani, watu wanne wakafa.

Jicho Kali: Msinione mjinga, droni za mikia miwili zipo. Bayraktar TB2 ina propela nyuma.

Fundi Spana: Ndiyo, nyuma peke yake. Na ndani haikai kofia nyeupe.

Ng'ombe Kumi: Nimemsomea mdogo wangu yote. Anasema kofia siyo ushahidi. Kreti nimeshaichukua dukani, nimeandikisha deni kwa jina lake.