OA, FA au grupu letu wenyewe? Naomba msaada kwa mliowahi kula bila kuweza kuacha

BintiTanga
Wadau habari zenu. Miaka sita nimekaa na hili kimya. Nikianza kula siwezi kuacha, na siongelei kuvimbiwa siku ya sikukuu, naongelea usiku watu wamelala mimi nimesimama jikoni nakula kiporo kwenye sufuria, mkate mzima, maandazi ya watoto ya kesho, tumbo linauma na mkono bado unaenda, halafu asubuhi kwa aibu sigusi hata chai mpaka jioni, na usiku inarudi vilevile. Baba watoto hajui. Nimeona kuna vikundi vya kusaidiana, Overeaters Anonymous, ile OA, na Food Addicts in Recovery Anonymous, FA, zote zina mikutano ya mtandaoni. Rafiki zangu wawili nao wanasema tufungue grupu la WhatsApp. Mliopita huko, tofauti ni ipi hasa?

Mzizima_K
Pole dada, na umefanya vizuri kusema. Mimi niko OA mwaka wa tatu. Ilianza Los Angeles 1960, wanafuata hatua 12 kama AA, kile kikundi cha walevi wanaoacha pombe, hakuna ada, mwenye nacho anachangia, sharti ni moja tu uwe unataka kuacha kula kwa namna hiyo. Hawakupangii dayati, mpango wa chakula unautengeneza mwenyewe, ukitaka na sponsa, yaani mwenzio aliyekutangulia. Siku ya kwanza nilizima kamera, nikamsikia mzee mmoja anaeleza alivyokuwa anaficha makaratasi ya biskuti chini ya siti ya gari, nikalia sana, maana mimi nilikuwa naficha kwenye tenga la nguo chafu na nilijua ni mimi tu duniani. Wanashauri uhudhurie mara sita hivi ndo uamue. Tatizo ni Kiingereza, na saa, jioni ya New York kwetu ni saa nane au tisa usiku. Ila kwangu hiyo ndo ilikuwa saa ya hatari, kwa hiyo imenifaa.

Shangazi_MjiMkongwe
Mimi nilikaa FA miezi mitano. Hawakuachi peke yako hao, kila siku unampigia sponsa unamtajia utakachokula, milo mitatu, kila kitu kwenye mizani, sukari hakuna, unga hakuna. Wapo watu imewatoa mbali na siwezi kuisema vibaya. Lakini mwanangu, unga! Toa ugali, toa chapati, toa maandazi na mkate. Na nyumba yetu tunakula sinia moja watu watano, napima nini hapo na mkono wa mjukuu uko palepale? Nikawa nachukua sahani yangu na mizani yangu naenda kula chumbani mlango umefungwa, na kula peke yangu chumbani ndiko ugonjwa wangu ulikoanzia. Nikaacha.

Nesi_Leicester
Dada huo ni ugonjwa unaotambulika siyo ulafi, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuweka rasmi 2013, wanaangalia kama inatokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Huku Uingereza mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unaanza na programu ya kujisaidia ukiwa na mtu wa kukufuatilia, isipokusaidia unaingia kikundi cha tiba, vikao 16 vya dakika 90, na wanasema wazi lengo siyo kupunguza uzito. Kikubwa unakula kwa ratiba, hukai na njaa. Hiyo chai unayoiruka asubuhi ndiyo inayokuja kudai usiku. Na kama unajitapisha au unameza dawa za kuharisha usiishie kwenye vikundi, muone daktari.

Mzizima_K
Nesi nakubali, ila hicho kikundi chenye mtaalamu Dar utakipata wapi na kwa shilingi ngapi? Mwenzio anayepokea simu saa nane usiku ni bure.

Pwani254
Grupu la WhatsApp tulifungua hapa Mombasa tukiwa saba, wiki ya tatu likageuka mashindano ya kilo, picha za mizani kila asubuhi, wawili wakazidiwa wakatoka bila kuaga, na mmoja tulikuja kusikia alikuwa amelazwa. Iliniuma. Tulianza upya wanne na masharti, kilo hazitajwi, picha za chakula marufuku, kila siku kuna mtu mmoja wa zamu wa kupokea simu. Linaenda mpaka leo, na raha yake unasema kwa Kiswahili chako, hutafuti neno la aibu kwa Kiingereza. Lakini bila mtu aliyekwishapita njia mnaweza kupotea wote pamoja.

BintiTanga
Shangazi shikamoo. Nimesoma zote mara mbili. FA siiwezi, nikikatazwa kitu ndo nakitafuta usiku. Nitajaribu OA mara hizo sita, na leo asubuhi nimekunywa chai na kiazi kitamu, ilikuwa ngumu kukimeza. Mzizima, lazima niseme jina langu?

Shangazi_MjiMkongwe
Marahaba mwanangu. Kesho kunywa tena hiyo chai.

Mzizima_K
Jina moja linatosha, na kuongea siyo lazima. Nitumie inbox nikupe link ya Alhamisi, nitakuwemo.