Hivi ni kweli mtoto wa kike anakomaa akili mapema kuliko wa kiume? Tujadili

Wakuu, kila kikao cha wazazi lazima uisikie hii, mtoto wa kike anakomaa mapema, wa kiume mwacheni kwanza akili zitakuja zenyewe. Mimi naipinga maana inaumiza watoto wote wawili.

Mwili sibishi. Wasichana wengi wanaanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 na 14, ndo maana darasa la sita unakuta binti kamzidi urefu mwenzie wa dawati moja. Ila kuvunja ungo hakumpi mtoto uwezo wa kubeba mambo ya watu wazima. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia hasira na kupima nini kitafuata, inaendelea kukua mpaka miaka 20 na kitu huko, kwa ke na kwa me.

Sasa angalieni tunavyowalea. Wa kike tangu yuko darasa la pili kabebeshwa mdogo wake, anachota maji, anapika, anaambiwa nyamaza, vumilia, usijibu wakubwa, akifika darasa la saba katulia tunasema huyu kakomaa, kumbe wengine ni woga tu na machungu wameyameza. Wa kiume akilia anaambiwa mwanaume halii, akimpiga mwenzie watu wanacheka, kulea hajawahi kulea hata siku moja, halafu kafika form two hawezi kusema nimeumia au naogopa, anachojua ni ngumi. Nani alimfundisha kingine?

Na hii kauli haiishii kwenye vikao. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliweka mvulana aoe akiwa na 18, msichana 15 kwa ridhaa ya wazazi, yaani umri wa kuwa sekondari! Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda mahakamani, Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa na 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Huko kusini nako, Lindi na Mtwara, kuna watoto wa shule ya msingi wanachezwa unyago, akitoka anaambiwa umeshakua, na wanaume wazima wanalichukulia hilo neno wanavyotaka wao. Hili linaniuma sana.

Kuna mtu atasema nina mapacha wa kike na wa kiume na tofauti naiona. Sawa mkuu, ila jioni nani anaosha vyombo na nani yuko uwanjani?

Mimi nasema wa kiume apewe mdogo wake amuogeshe na amlishe, akilia aachwe alie, na wa kike naye aruhusiwe kukasirika na kucheza kama mtoto. Na mwalimu wa ushauri nasaha aongee na wavulana mapema, asisubiri siku ya viboko.

Walimu wa darasa la sita na la saba mliomo humu, mvulana mtundu mkimpa jukumu la kuwaangalia wale wadogo wa darasa la kwanza, anabadilika au la?