Uwanja wangu ni mchanga na pevingi: Toyota IST niinyanyulie wapi kwa usalama?

Mama_Kigamboni

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na tafadhali nisomeni hadi mwisho kabla ya kuniambia "peleka kwa fundi".

Nina IST ya 2004, cc 1300, gia otomatiki. Breki pedi za mbele najua kubadilisha. Kaka yangu alinifundisha mara mbili nyumbani kwake Tabata, ila kwake sakafu ni ya zege, imenyooka kama meza. Kwangu mambo ni tofauti. Kutoka getini hadi barazani kuna zege, lakini limeteremshwa ili maji ya mvua yatoke. Ubavuni mwa nyumba kuna pevingi zilizopangwa juu ya mchanga bila saruji, na mbili tatu zimeshabonyea. Nyuma, chini ya mwembe, ni mchanga mtupu.

Jumamosi iliyopita tairi la nyuma kushoto lilipata pancha, gari likiwa hapo mwembeni. Nikatoa ile jeki ndogo ya kuzungusha iliyokuja na gari, nikaiwekea tofali la saruji chini ili isizame. Tairi lilipoachana tu na ardhi, tofali likapasuka katikati na gari likashuka kwa kishindo. Sikuwa nimetoa nati hata moja, kwa hiyo gari halikupata kitu. Lakini mwanangu wa miaka tisa alikuwa amepiga magoti pale, ananishikia tochi, na mkono wake mwingine ulikuwa umeegemea tairi. Usiku ule sikulala.

Sasa nimenunua jeki ya magurudumu ya tani 2 na stendi mbili za chuma za kubebea gari likishanyanyuliwa. Swali la kwanza, kati ya sehemu zangu tatu ni ipi inafaa? La pili linanisumbua zaidi: nikiweka jeki kwenye ule mkato ulio chini ya mlango, stendi nayo inatakiwa ikae hapo hapo. Sasa ikae wapi? Kitabu cha gari ni cha Kijapani, naangalia picha tu.

Mzee_wa_Noah

Pole sana dada, na Mungu ashukuriwe kijana ni mzima. Tofali la saruji ni la ukuta, si la gari. Ukutani linabebeshwa mzigo sawasawa upande mzima, lakini jeki inalibana sehemu moja ndogo. Tena halikuonyi: mbao hulia na kuinama kwanza, tofali linaachia papo hapo. Usilirudie hata la nchi sita.

Fundi_Gerezani

Dada yangu, nimekaa gereji miaka 17 na swali lako la pili ndilo wengi hawaulizi, wanabahatisha tu. Ngoja nianze na uwanja.

Mchanga wa mwembeni uache kabisa kwa kazi yoyote ya kutoa tairi na kukaa nayo. Si kwa sababu ya kuzama peke yake. Mkono wa jeki ya magurudumu haupandi wima, unachora upinde, kwa hiyo gari likipanda jeki inatakiwa itembee kidogo kwenye magurudumu yake ili kichwa kibaki palepale kiliposhika. Mchangani yale magurudumu madogo ya chuma yanajichimbia, jeki inagoma kutembea, na kichwa ndicho kinachovutwa kutoka kwenye bati. Watu wanasema "jeki imeteleza", kumbe ilikwama chini.

Zege la getini lipime kwa mpira wa mwanao. Uweke karibu kabisa na baraza, uuachie. Ukitulia, hapo ndipo gereji yako. Ukibiringika, nenda kwenye pevingi, ila si zile zilizobonyea, na si pevingi tupu. Mguu wa stendi ni mwembamba, unaweza kusukuma pevingi moja chini wakati jirani zake wamebaki juu, stendi ikainama. Nenda kwa maseremala wa Keko ukaombe vipande viwili vya mninga au mkongo, unene nchi mbili, upana uzidi miguu ya stendi pande zote, ili kila kipande kilalie pevingi kadhaa kwa pamoja. Chini ya jeki weka plywood nene iliyo bapa, itembee bila kukwama kwenye nafasi za pevingi.

Sasa kuzuia gari lisitembee. IST yako inavutwa na tairi za mbele, na handbreki inakamata za nyuma tu. Ukinyanyua mbele, handbreki ndiyo inayokushikia gari. Usiitegemee P ya gia: tairi moja la mbele likiwa hewani, difu (gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi mbili) inaliruhusu lizunguke, na lililobaki chini linaweza kuzunguka pia. Ukinyanyua nyuma yote, hapo handbreki haina kazi tena, P ndiyo inashika. Mimi naweka vyote viwili kila mara, halafu kabari mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Kabari ya mbao iliyokatwa mshazari, siyo jiwe la mviringo.

Nati zilegeze nusu mzunguko gari likiwa bado limekanyaga. Ukizivuta gari likiwa juu unalitikisa kwa nguvu zako zote.

Chini ya gari: pitisha kidole kwenye pindo la bati chini ya milango. Utakuta mikato miwili midogo nyuma kidogo ya tairi la mbele, na miwili mingine mbele kidogo ya tairi la nyuma. Katikati ya kila jozi pindo limeongezewa nguvu. Hapo ndipo penyewe. Ukitoka nje ya mikato, pindo linakunjika, na sakafu nyuma yake inabonyea hadi ndani kwenye kapeti.

Jibu la swali lako ni hili: jeki na stendi visigombee nafasi moja. Kwa kazi ya mbele, jeki iingie kutokea mbele, ishike krosmemba, ule mhimili mnene wa chuma unaopita chini ya injini toka upande hadi upande. Usiishike sampo (bakuli la oili chini ya injini), wala sahani ya chini ya giaboksi, wala fremu ya rejeta. Hivyo vyote viko jirani na ukiwa umeinama vinafanana, kwa hiyo lala chini na tochi uone kwa macho kabla ya kupampu. Mbele yote ikipanda, stendi mbili zinaingia kwenye mikato, kulia na kushoto, kisha unashusha jeki taratibu hadi uzito ukae juu ya stendi. Jeki unaiacha ikigusa tu. Kwa nyuma, usibebe ile boriti inayounganisha tairi mbili bila kuona picha yake kwenye kitabu chako. Bebea mkatoni upande mmoja mmoja.

Tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Halikugharimu kitu, na siku stendi ikikosea gari litaangukia tairi. Kabla hujaingiza mkono, lisukume gari kwa bega. Kama lina nia ya kuanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama nje.

Likoni_Pwani

Dadangu, niongeze moja kutoka Mombasa, kwa sababu nawe uko karibu na bahari. Kabla ya kuamini ule mkato, ugonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Bati zima linalia kwa sauti kali. Likijibu kwa sauti butu, au rangi ikamomonyoka vigamba, kutu imekula kwa ndani. Gari langu lilikuja na kutu tayari, maana kule Japani sehemu za theluji barabara humwagiwa chumvi, na hewa yetu ikamalizia. Jeki ilipenya pindo kama kisu kwenye boga. Mahali hapo sasa pamechomelewa upya, na sipaamini hata hivyo.

Pia kata kipande cha katambuga kuukuu, ukichore mfereji katikati, ukikalishe juu ya kichwa cha jeki. Pindo linaingia kwenye mfereji, uzito unabebwa na bati pana la pembeni, na chuma hakigusani na chuma.

Mama_Kigamboni

Nimerudi. Nimefanya leo asubuhi, kabla jua halijakuwa kali.

Mpira wa mwanangu uliondoka wenyewe mpaka getini, kwa hiyo zege nikaliacha. Nilichagua pevingi za karibu na tangi la maji, pale hazijabonyea. Keko walinipa vipande viwili vya mkongo na kunikatia kabari nne. Nikagonga mikato yote minne: mitatu inalia vizuri, wa nyuma kulia una sauti butu kama alivyosema ndugu wa Likoni. Huo sitaugusa, nitauonyesha kwa mchomeleaji.

Fundi, ulisema kweli kuhusu krosmemba. Nilipoinama niliona kitu kinene cheusi nikadhani ndicho. Nilipolala na tochi nikaona bolti ya kumwagia oili: ilikuwa sampo. Ningekuwa na haraka ningeipasua. Krosmemba ilikuwa nyuma yake. Na jeki ilitembea kwenye plywood kama kiasi cha vidole vitatu, nimeiona kwa macho yangu. Nilisukuma gari kwa bega mara tatu, stendi hazikusogea. Pedi mbili mbili zimeingia, nati nimekaza gari likiwa chini.

Mwanangu alikaa barazani, upande wa mlango, na tochi nilijifunga kichwani. Nimemchorea mstari wa chaki ambao havuki gari likiwa juu, hata nikimwita.

Bado moja, Fundi: nati nilikaza kwa nguvu ya mkono tu. Kuna kipimo?

Fundi_Gerezani

Toyota ndogo kama hiyo ni 103 Nm kwa spana ya kupimia. Kama huna, kaza kwa spana ya kawaida ya 21 bila kuongeza bomba wala kusimama juu yake, kwa mpangilio wa kuvuka upande wa pili, siyo kuzunguka mduara. Tembea kilomita 50, kisha uzijaribu tena. Na usikanyage mwendo kabla hujapampu pedali ya breki ikawa ngumu, gari likiwa bado hapo uwanjani.