Kusaga wenyewe kioo cha darubini: jasho linalipa?

Mwalimu_wa_Fizikia: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sekondari Mbeya, nataka vijana waone pete za Zohali kwa macho yao. Niagize kioo kikuu (kile cha kuakisi na kukusanya mwanga) chenye upana wa milimita 150 kilicho tayari, au tusage wenyewe? Fundi wa vioo hapa mjini ana vipande vinene.

Kimondo: Kama shida yako ni hela, nunua tu mwalimu. Kwa ukubwa huo, ukijumlisha unga wa kusagia, oksidi ya seriamu ya kung'arishia na gharama za kusafirisha mzigo, sioni utakachookoa. Kusaga kunaanza kuleta maana kwenye vioo vikubwa, milimita 300 hivi.

Bi_Kilimia: Kimondo, umejibu la bei, ila huyu ana darasa! Mwalimu, mimi nimesaga na ningesaga tena. Chukua fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) ya milimita 1400: katikati panabonyea milimita 1 tu, na umbo la tufe linatosha, huhitaji kuhangaika na parabola, lile bakuli ambalo mkunjo wake unapungua kuelekea ukingoni. Unasugua kioo juu ya kioo, katikati unga wa karborandamu na maji, huku ukizunguka meza. Tufe linajitengeneza lenyewe. Usisage pakavu kamwe, vumbi lile ni baya kwa mapafu. Uvumilivu unatakiwa kwenye kung'arisha, yaani kusugua kioo juu ya kibao kilichopakwa lami, na kwenye kupima. Kipimo cha Foucault, mwanafizikia wa Ufaransa, cha mwaka 1858 kinataka wembe na taa yenye tundu dogo, basi, lakini kinafichua kasoro ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Kijana akiona kwa kipimo hicho joto la kidole chake limevimbisha kioo, somo la mwanga na joto halimtoki tena. Mwanaastronomia Herschel naye aliigundua sayari ya Uranus mwaka 1781 kwa kioo alichokitengeneza mwenyewe.

Mwalimu_wa_Fizikia: Asante sana dada. Na kukipaka kiakisi, ule utando wa kung'aa unaorudisha mwanga?

Bi_Kilimia: Hapo ndipo pagumu. Alumini inapakwa ndani ya tangi la ombwe, kwa hiyo itabidi ukisafirishe. Fedha unaweza kupaka maabara kwa naitreti ya fedha, amonia na sukari, ila inafifia mapema, utarudia.

Mkemia_Tanga: Tafadhali mwalimu, mchanganyiko huo usiuhifadhi hata usiku mmoja. Ukikaa unaweza kulipuka. Changanya kidogo, vaa miwani na glovu, uliobaki uuharibu kwa asidi papo hapo. Wanafunzi wasiushike.

Kimondo: Basi agiza kioo kidogo cha pembeni, kile kinachopeleka mwanga kwenye jicho, na lenzi ya jicho, hivyo msijisumbue kutengeneza. Kikubwa sagieni hapo hapo shuleni.