Ganzi ya jino inaenda kwenye ubongo au inaishia pale pale?

Dogo wa Mbagala: Wakuu, jana nimeng'olewa gego. Dokta kanichoma sindano ya ganzi, baada ya dakika kadhaa mdomo mzito kama sio wangu, akaanza kazi. Sasa kinachonichanganya, nasikia kabisa anavuta, jino likaachia kraa, ila maumivu hamna! Narudi kwenye daladala nakunywa maji yanachuruzika kwenye shati abiria wananicheki tu. Hii dawa inazima ubongo au? Na kama inazima mbona nilikuwa macho?

Mzee wa Bomba: Ubongo haujaguswa mkuu, hiyo sio nusu kaputi. Mshipa wa fahamu unasafirisha habari kama umeme, na huo umeme unatokea sodiamu ikiingia kwenye mshipa kupitia vijimlango vidogo sana, sasa lignokaini, hiyo dawa ya ganzi uliyochomwa, inaviziba kwa ndani, habari ya jino inakatikia njiani. Maumivu yanapita kwenye nyuzi nyembamba ambazo zinashikwa mapema, ila kuvutwa na kukandamizwa kunapita kwenye nyuzi nene, zile ngumu kuzima, ndo maana ulisikia anavuta.

Mama Wawili: Kweli, mi wa pili nimejifungua kwa oparesheni, nikachomwa ya mgongo, nasikia wanapekua tumboni kama mtu anatafuta funguo kwenye mkoba huku napiga stori na nesi 😂 Hiyo nayo haiendi kwenye ubongo?

Mzee wa Bomba: Hiyo inasogea karibu zaidi dada. Inachomwa chini ya pale unapoishia ule mshipa mkuu wa fahamu uliomo ndani ya mifupa ya mgongo, kwenye maji yanayouzunguka, inakamata mizizi ya mishipa ya fahamu. Ikifika kwenye ubongo kwa wingi kupitia damu hapo ni balaa, ulimi unakufa ganzi, masikio yanavuma, mwisho degedege. Ndo maana kabla ya kusukuma dawa tunavuta bomba nyuma kidogo tuone kama damu inaingia.

Fundi Friji: Mi shavu lilivimba, nikapigwa sindano tatu na bado nikapiga yowe mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuondoka.

Mzee wa Bomba: Usaha huo. Penye usaha pana asidi, dawa inashindwa kupenya ukuta wa mshipa. Hapo inabidi kuchoma mbali na uvimbe, kule mshipa unakotokea.

Dogo wa Mbagala: Shukrani wakuu. Ila mngeniwahi, jana nimekula mishkaki ganzi haijaisha, kumbe nusu ya nilichotafuna ni shavu langu.