Hoteli mbili Moshi, Desemba: ya karibu na stendi au ya Shanty Town?

Kutoka: Mmarangu Ughaibuni

Ndugu zangu, shimbonyi. Ombi la viza ya Tanzania la mke wangu limerudishwa. Sehemu ya makazi nilijaza nyumbani kwa wazazi, Marangu. Sasa ofisi inataka ama barua ya mwaliko yenye nakala ya NIDA ya mwenyeji, ama uthibitisho wa hoteli. Bora hoteli, maana nyumbani tarehe hizo watu watalala mpaka jikoni.

Tuko wakubwa wawili na watoto wawili, miaka 9 na 5. Tunaingia 20 Desemba, tunatoka 3 Januari. Hoteli ya kwanza iko mjini jirani na stendi, ghorofa nne, vyumba kama thelathini, dola 45 kwa chumba pamoja na chai. Ya pili iko mtaa wa Shanty Town, vyumba tisa na bustani, Sh 60,000 kwa kichwa pamoja na chai. Mngechukua ipi? Jibu la ofisi natakiwa kulipeleka wiki hii.

Kutoka: Dada wa Rau

Kaka, hizo bei mbili huwezi kuzilinganisha hivyo zilivyo. Moja ni ya chumba, nyingine ni ya kichwa. Shanty Town, watoto wakilala bure, ni Sh 120,000 kwa usiku. Wakilipa nusu inakuwa 180,000. Uliza mtoto anaanza kulipa akiwa na umri gani, na huyo wa miaka 9 wanamhesabu vipi, kwa sababu wengi mpaka wao ni miaka 5 au 6.

Ya mjini nayo, dola 45 ni ya watu wawili. Ukisema "dabo" unapewa kitanda kimoja cha futi 5 kwa 6, na watu wanne hamtoshi hapo hata mlale mzungu wa nne. Uliza kuna chumba cha vitanda viwili, au vyumba viwili vyenye mlango wa kupitia katikati, au kitanda cha nyongeza, na hicho cha nyongeza kina chandarua chake? Mara nyingi ni godoro la sakafuni, na chandarua kilichoning'inizwa juu ya kitanda kikubwa hakilifikii. Mambo yote haya waandike kwenye ujumbe. Usitegemee simu, anayepokea leo si atakayekuwa mapokezi tarehe 20.

Kutoka: Meku wa Kahawa

Mwanangu, kabla ya hoteli, viza za watoto unaombea nini? Kama wewe bado una uraia wa Tanzania kwa kuzaliwa, watoto waliozaliwa nje ni raia kwa kurithi na wanaweza kuwa na pasi ya kwetu pamoja na ya huko mpaka wafikishe miaka 18. Na mke anaweza kuchukua viza pale pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mnapenda kuhangaika.

Kutoka: Dada wa Rau

Shikamoo Meku. Ila kaka ametaja ombi la mke tu, watoto hakuwasema. Na uraia wa kurithi unakwenda hivyo iwapo mzazi alikuwa bado raia siku mtoto alipozaliwa. Aliyechukua uraia wa nje kabla, mtoto hakurithi kitu. Aliye raia kwa kurithi naye hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Pasi ya mtoto haipatikani kwa wiki moja pia.

Viza ya KIA ipo, lakini si kwa mataifa yote. Wako ambao lazima wapate kibali kabla ya kusafiri, na shirika la ndege likiona huna kitu huondoki huko uliko. Ukishaanza ombi mtandaoni, limalizie.

Kutoka: Fundi Bomba

Tuache viza. Hoteli ndogo unaichagua kwa maji na umeme, na hapa hakuna aliyegusa hilo.

Maji kwanza. Hesabu lita 120 kwa mtu kwa siku. Vyumba thelathini, watu wawili wawili, ni lita 7,200. Tangi la lita 10,000 linawafikisha siku moja na theluthi hivi bomba likikatika. Kwenye vyumba tisa matumizi ni lita 2,160, na tangi la 5,000 linavuka siku mbili. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" Uliza matangi mangapi, ya lita ngapi, na pampu ya kupandisha inaendeshwa na jenereta au inategemea TANESCO peke yake. Pampu ya TANESCO peke yake maana yake umeme ukikatika asubuhi, jioni ghorofa zote nne zimekauka.

Maji ya moto. Shawa nyingi za mjini ni zile za umeme za kichwani, wati 5,500. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 24 kwa shawa moja. Jenereta ya kVA 10 inatoa kama kilowati 8. Inabeba shawa moja na taa, ya pili ikiwashwa inazima. Ndiyo maana hoteli nyingi huzitoa shawa kwenye laini ya jenereta, na mapokezi hawasemi mpaka mtu awe na povu kichwani. Ya Shanty Town ikiwa na hita ya jua yenye tangi lake juu, mnapata maji ya moto hata umeme ukikatika, ila siku ya mawingu ni ya uvuguvugu, na atakayeoga wa mwisho usiku anaoga ya baridi.

Sasa chumba. Ghorofa ya nne iko chini ya bati, na Moshi ya Desemba mchana inapita nyuzi 30. Bati linatoa joto mpaka usiku. Halafu tangi likiwa juu ya paa hapo hapo, kutoka tangini mpaka shawa ni kama mita mbili tu. Presha hiyo ni ndogo, na kichujio cha shawa kikiwa na mchanga swichi ya ndani haishiki, maji yanatoka ya baridi. Ghorofa ya chini una makelele. Ukichukua ya mjini, omba ghorofa ya pili, upande wa nyuma, na upewe namba ya chumba. Kuomba "chumba kimya" hakusaidii, vyote kwao ni vimya. Uliza pia jenereta imekaa upande gani, usije ukakimbia honi ukalala na moshi wa dizeli dirishani.

Kutoka: Kijana wa Ngarenaro

Kwani lazima Moshi? Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, usiku unajifunika blanketi, hakuna habari ya bati wala feni. Hoteli ndogo zimejaa kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kaloleni, na Desemba wenyeji wengi wameondoka mjini.

Kutoka: Meku wa Kahawa

Mtu wa Marangu alale Arusha? Kilomita 80 mpaka Moshi, halafu 40 hivi tena kupitia Himo, spidi 50 kwenye kila senta na trafiki kwenye kila mti. Ataamka kwenda kuhesabiwa nyumbani kwa Krismasi, atafika wenzake wameshagawana ngozi ya mbuzi.

Kutoka: Dada wa Rau

Na maji ya bomba ya baadhi ya maeneo ya Arusha yana floridi ya Meru. Meno ya mtoto wa miaka 5 ndiyo kwanza yanajitengeneza. Kwa wiki mbili si balaa, lakini maji ya kunywa ununue. Turudi Moshi tafadhali.

Kuhusu stendi: mabasi ya mbali yanaondoka kuanzia saa 12 asubuhi na mapema zaidi, kwa hiyo honi na wapiga debe utawasikia tangu saa 10 alfajiri. Wiki ya Krismasi mabasi ya ziada kutoka Dar yanashusha watu usiku kucha. Faida yake ni kwamba Noah na Kosta za Himo na Marangu unazipata kwa mguu, na chakula cha usiku kiko mlangoni, chipsi, mishkaki, supu. Shanty Town baada ya saa 1 usiku ni miti na mbwa. Pikipiki au bajaji mnategemea kupigia simu, na jikoni la vyumba tisa halipiki bila oda. Oda ya chakula cha jioni toa kabla ya saa 10 jioni.

Na swali ambalo watu husahau: tarehe 25 nani atapika? Wafanyakazi wa hoteli Moshi nao ni Wachaga, nao wanakwenda kuhesabiwa. Kuna hoteli kuanzia tarehe 24 hadi 26 inabaki na mlinzi na binti mmoja wa mapokezi. Chai ya asubuhi inageuka mkate na yai baridi.

Kutoka: Mmarangu Ughaibuni

Aika dada, aika fundi. Nimewaandikia wote wawili. Wa mjini amesema jenereta ni "kubwa sana". Na nilipe kwa dola au vipi?

Kutoka: Kijana wa Ngarenaro

Dola unalipa, ni hoteli.

Kutoka: Meku wa Kahawa

Kijana acha kupotosha. Kanuni zilianza 28 Machi 2025: ndani ya nchi ni marufuku kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni. Mgeni anabadilisha benki au duka la fedha lenye leseni, au analipa kwa kadi. Hiyo bei ya dola usiikubali. Mwambie akupe bei ya shilingi kwa maandishi, aseme VAT imo au haimo, na kiwango cha kubadilishia ni cha siku gani. Na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Karatasi ya daftari si risiti.

Ila sheria ya uraia haijatuuliza sisi. Mtu kaburi la babu yake liko Marangu, anaomba viza. Mwenye pasi ya Marekani analipa dola 100. Wanatuita diaspora wakitaka hela zetu, uraia pacha ukitajwa wanakohoa.

Kutoka: Fundi Bomba

Meku, si tumepewa hadhi maalumu ya diaspora.

Kutoka: Meku wa Kahawa

Hadhi maalumu si uraia. Hupigi kura nayo.

Kutoka: Dada wa Rau

Tuliahidiana hapa mjadala huo tuuache hadi Januari. Kaka ana siku chache.

Barua ya kupeleka ofisini isikupotezee muda. Uthibitisho wa tovuti za kuweka nafasi mara nyingi una jina la mgeni mmoja tu, aliyelipa, na mke wako anaonekana hana pa kulala. Omba hoteli barua yao wenyewe yenye nembo: majina ya wote wanne kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, namba za pasi, tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya vyumba, anuani ya mtaa na siyo sanduku la posta peke yake, simu inayopokelewa, TIN (namba ya mlipakodi), sahihi na muhuri. Mwombe kwa PDF. Picha ya WhatsApp iliyopigwa kwa kupinda muhuri hausomeki. Hoteli ambayo haiwezi kutoa barua hiyo kwa siku mbili, hata Desemba haitakumbuka kwamba unakuja.

Kabla ya kutuma pesa, uliza wakikunyima viza wanarudisha kiasi gani. Wiki ya Krismasi wengi hawarudishi amana, kwa sababu vyumba vinagombaniwa. Tuma kwa Lipa Namba ya biashara, siyo namba ya simu ya mtu. Kabla ya kuweka namba ya siri jina la biashara linatokea kwenye simu. Likiwa jina la mtu, simama, mpigie mwenye hoteli. Ukilipa kwa kadi uliza wanaongeza asilimia ngapi, wapo wanaoongeza.

Kutoka: Fundi Bomba

Ongeza KIA. Ndege ikitua usiku wa manane, hoteli ya vyumba tisa geti limefungwa na mlinzi kalala. Wape namba ya ndege, si saa tu, ili ikichelewa waone wenyewe. Bei ya kuwachukua iwe ya gari, isiwe ya kichwa. Na gari la Marangu mkilikodi kwa siku, mpatane mapema mafuta ni ya nani na dereva atakula wapi. Bila hivyo mtarudi mjini saa 11 jioni kwa sababu dereva ana njaa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo kwanza imefunguliwa.

Kutoka: Kijana wa Ngarenaro

Mbege! Na kitawa. Huku ughaibuni ndizi za dukani ukizipika zinakuwa kama sabuni.

Kutoka: Dada wa Rau

Hizo ni za kuivisha, si za kupika. Nenda kwenye maduka ya Wahindi au ya Walatini, uliza za kijani ngumu, umenye ukiwa umepaka mafuta mikononi. Mtori wake si wa ndizi mshare za nyumbani, lakini unalika.

Kutoka: Mmarangu Ughaibuni

Shanty Town wamejibu: matangi mawili ya lita 5,000, hita ya jua, mtoto wa miaka 9 analipa nusu, wa 5 bure, kwa hiyo Sh 150,000. Tarehe 25 mpishi hayupo. Barua wanatoa kesho. Wa mjini bado anasema "karibu sana".

Kutoka: Mpita Njia

Samahani kuingilia mada. Gari la kukodi Moshi linaruhusiwa kuvuka Holili kwenda Taveta?

Kutoka: Fundi Bomba

Kadi halisi ya gari, barua ya mwenye gari na bima ya COMESA. Mengine fungua mada yako.