Photon mpya au Zeno iliyotumika? Nataka kuamua kabla msimu wa Kerio haujaanza

Kipanga_NBO:
Wakuu habari zenu. Kuna hela nimeweka kando kwa ajili ya paraglaida mpya na nataka niagize mwezi huu ili ikifika niende nayo Iten mwezi wa kumi na mbili. Kwa sasa naruka Rush 6, ni EN B (daraja la usalama, A ni la wanaoanza, D ni la wazoefu), bawa zuri sana sina neno nalo, ila wale wageni wanaokuja Kerio kila msimu tukipanda pamoja mpaka chini ya wingu, tukianza kuvuka bonde kwenda upande wa milima ya Tugen wao wanakanyaga spidibaa (kanyagio la kuongeza kasi) wanapotea, mi nafika kule nikiwa chini naanza kutafuta thamo (hewa ya joto inayopanda) juu ya vichaka. Nimebaki na chaguo mbili. Photon mpya, EN C ya safu mbili za kamba, A mbele na B nyuma. Au Zeno ya kwanza, EN D, imetumika, iko kwa jamaa Ulaya na anaiuza karibu nusu ya bei ya hiyo mpya, anasema imekaguliwa na iko fiti. Ipi wakuu?

Mzee_wa_Upepo:
Kijana, aya nzima na hujataja hata kimoja katika vitu vinavyotakiwa. Uzito wako ukiwa umevaa kila kitu, hanesi (kiti cha mikanda), rizavu (parachuti ya akiba), maji, betri? Masaa uliyoruka MWAKA HUU, sio tangu uanze. SIV (mafunzo ya kudhibiti bawa likijikunja) umefanya, lini, kwenye bawa la daraja gani? Hanesi yako ni ya wazi au ya kulala? Bila hayo tutakushauri nini hapa zaidi ya rangi.

DadaRubani:
Namuunga mkono mzee. Ila kama ni hizo mbili tu basi Photon, hata usifikirie mara mbili. Naruka ya safu mbili sa hizi na raha yake iko kwenye raiza za B (mikanda inayoshika kamba za B). Kwenye spidi hugusi breki kabisa maana ukivuta breki ukiwa umekanyaga baa unapindisha nyuma ya bawa, mzigo unahama kwenda nyuma na pua inabaki tupu, hapo ndipo inajikunja. Unashika vishikio vya B unasikia hewa mkononi, pua ikitaka kwenda mbele unaizuia kidogo unaachia. Ukishazoea kurudi kwenye safu tatu ni ngumu.

Arusha_Juu:
Dada yangu raha sikatai lakini tuseme ukweli wote. Hiyo herufi ya C au D inatolewa kwa vipimo vya EN 926-2, na vile vipimo vinafanywa hewa ikiwa imetulia, na rubani wa majaribio anayejua sekunde gani bawa litajikunja maana analikunja mwenyewe. Kerio saa saba mchana mwezi wa kwanza sio hewa tulivu. Halafu watu wanasahau kimo. Iten ni kama mita 2,400, hewa nyepesi, kila kitu kinaenda kasi kama asilimia 12 zaidi ya usawa wa bahari, kupaa unakimbia zaidi, kutua unafika na spidi zaidi, na bawa likipiga mbele linapiga kwa nguvu zaidi. Mi ushauri wangu abaki na Rush, ile hela aende Ölüdeniz, Uturuki, afanye SIV ya nguvu juu ya bahari.

Kipanga_NBO:
Asanteni. Uzito na kila kitu ni kama kilo 96. Hanesi ni ya kulala, pod. SIV nilifanya zamani kidogo nikiwa kwenye EN A. Masaa kwa jumla yanakaribia mia mbili hivi.

Mzee_wa_Upepo:
Nimeuliza mwaka huu.

Pepo_za_Ngong:
Mzee usimbane sana kijana 😀 Kipanga, 96 angalia label iliyoshonwa ndani ya bawa, usitegemee tangazo la muuzaji. Kwa hewa ya Kerio kaa juu ya katikati ya uzito ulioandikwa, bawa likiwa na mzigo mdogo linachezacheza na pua inakosa nguvu. Lakini usigonge kikomo cha juu nako, maana likijikunja likiwa limebeba mzigo mkubwa mzunguko unakuwa wa kasi.

Mwewe_Tambach:
Nimesoma hapo "imekaguliwa na iko fiti" nikaona lazima niandike, samahanini itakuwa ndefu. Msimu mmoja nilinunua bawa la EN C limetumika, muuzaji yuko nje, sitamtaja, picha safi kitambaa kinang'aa, karatasi ya ukaguzi ipo ina muhuri. Likafika, nikalifungua kwenye nyasi hapo juu, kitambaa kweli kilikuwa kigumu kizuri hata ukikisugua kinalia kama karatasi. Siku ya kwanza kupaa nikaona linapanda polepole, likifika kama robo tatu juu ya kichwa linasita, inabidi ulivute kwa A tena. Watu wakaniambia ni upepo mdogo. Hewani likawa tulivu sana, tulivu mpaka linapendeza, breki nzito, na mtu unafikiri hili bawa lina usalama kumbe ndio dalili yenyewe, lilikuwa linaruka polepole kuliko lilivyotakiwa. Siku ya tatu au ya nne nikiwa kwenye thamo dhaifu karibu na ukingo, nageuka kulia, breki nimeweka ya kawaida kabisa, upande wa kulia ukaacha kuruka. Haukujikunja, uliacha tu kuruka ukaanza kurudi nyuma na upande wa kushoto unaenda mbele, nikazungushwa, raiza zikajisokota nyuma ya shingo hata kichwa siwezi kuinua nione bawa. Niliachia mikono juu, likapiga mbele, ncha ya kushoto ikaingia kwenye kamba ikakwama na mzunguko ukaanza upya kwa kasi. Ukingo ulikuwa karibu sikusubiri, nikatupa rizavu. Ilifunguka vizuri, ila bawa kuu nalo likajaza hewa likaanza kuvuta upande wake, nikalivuta kwa kamba za B mkono kwa mkono mpaka likafa. Nikashukia kwenye migunga chini ya Tambach. Miiba imeingia kwenye mguu na kwenye kitambaa, ila mifupa yote mizima, namshukuru Mungu, na wanakijiji walinitoa wakiwa na panga na uvumilivu mkubwa sana.

Sasa sikilizeni sehemu muhimu. Bawa likapelekwa kupimwa kamba kwa leza. B zilikuwa fupi kuliko A kwa zaidi ya sentimita tatu ukilinganisha na kitabu cha kiwanda. Sentimita tatu! Na ile karatasi ya ukaguzi, namba iliyoandikwa haikuwa namba ya bawa langu. Muhuri ni wa kweli, bawa ni lingine.

DadaRubani:
Pole sana kaka yangu. Mwili umenisisimka.

Salim_Muscat:
Pole ndugu. Kwa hiyo Kipanga mwambie jamaa akutumie picha ya namba iliyoshonwa ndani ya bawa, kwenye fremu moja na karatasi.

Fundi_Kamba:
Nieleze kidogo kwa nini hilo linatokea maana watu wanadhani kamba zinarefuka tu. A ndizo zinabeba mzigo mkubwa kwa hiyo zinabaki na urefu wake au zinarefuka kidogo sana. Zilizo nyuma hazibebi sana, kwa hiyo zinajikunyata, hasa zikiwa za nyuzi za Dyneema na zikipata unyevu na joto. Nyuma ikiwa fupi, bawa linainua pua, linaruka polepole, linakaa karibu na kuacha kuruka. Kwenye safu tatu kosa hilo linagawanyika, kwenye safu mbili lote liko B na kamba zenyewe ni nyembamba hazina ganda. Ndio maana kwenye ile pete ya chini fundi anaweka kizungusho cha kamba, B zikifupika anakiachia zinarudi urefu wake. Kazi ya dakika chache lakini ni baada ya kupima, sio kwa macho. Kamba ya nyuzi za aramid haijikunyati namna hiyo, yenyewe adui wake ni kukunjwa pamoja mara nyingi na jua, inakatika bila kukuonyesha dalili. Kwa bawa jipya la safu mbili mi napima baada ya masaa kama 30 hadi 50 ya mwanzo, halafu kila mwaka. Ile ya "kila masaa mia" ni kikomo, sio ratiba.

Kwa hiyo Zeno ya nusu bei ongeza na seti nzima ya kamba mpya kwenye hesabu yako. Ukijumlisha na usafirishaji na ushuru hiyo nusu bei haipo tena.

Arusha_Juu:
Fundi umemaliza. Na hata ikiwa na kamba mpya bado ni D. Watu wamesahau 2011 kule Piedrahita, mashindano ya dunia, marubani wawili walifariki mashindano yakasimamishwa na zile za safu mbili zikafungiwa.

Pepo_za_Ngong:
Hapana mkuu usichanganye. Yaliyofungiwa ni open class, mabawa ya mashindano yasiyo na cheti chochote. Daraja la CCC (la mabawa ya mashindano) lilikuja baadaye ndio likaweka mipaka. Photon ya leo kuiweka kapu moja na mabawa ya 2011 sio haki.

Arusha_Juu:
Sijaweka kapu moja. Nasema hao walikuwa marubani bora duniani, kwenye mabawa ya spidi, na bado. Mtu wa masaa mia mbili afikirie.

Pepo_za_Ngong:
Masaa mia mbili ya Kerio sio sawa na masaa mia mbili ya kuelea ufukweni.

Mzee_wa_Upepo:
Nyote wawili mnabishania mabawa wakati mtu bado hajasema ameruka masaa mangapi mwaka huu. Mkono unasahau. Rubani wa B aliyeruka kila wiki ni salama kuliko wa D aliyekaa miezi minane ofisini.

Salim_Muscat:
Mzee shikamoo, maneno yako mazito. Kuhusu matunzo niongeze la huku kwetu pwani. Chumvi na mchanga. Mchanga mzuri unaingia kwenye midomo ya pua ya bawa unakaa kwenye kona za seli, kila ukipaa unasugua mishono kama msasa. Nalining'iniza kwa nyuma natikisa mpaka liwe safi. Likigusa maji ya bahari ni maji baridi tu, hakuna sabuni, halafu kivulini lipate upepo. Na buti ya gari saa nane mchana ni tanuri, usiache bawa humo hata ukienda kula tu.

DadaRubani:
Kerio tatizo letu ni la kutua. Ukitua tu bondeni watoto wameshafika, wengi, wenye furaha, na wote wanataka kusaidia kukunja. Nawapenda sana lakini bawa la safu mbili lina fito za plastiki kwenye pua zinazoingia ndani zaidi kuliko B, ukizikunja vibaya zinabaki na kona na pua haikai sawa tena. Mi nawapanga mstari, wawili wanashika pua tu, fito juu ya fito, taratibu, wengine wanaokota vijiti na panzi. Panzi muwe makini, ukimfungia ndani atatafuna kitambaa atoke, na akifa majimaji yake yanaacha doa linalokula rangi.

Fundi_Kamba:
Kweli kabisa. Na usilikokote kuligeuza, linyanyue.

Kipanga_NBO:
Dah, shukrani. Mwewe pole sana kaka. Nimemwandikia muuzaji anitumie picha ya namba na karatasi pamoja, hajajibu bado. Mzee, mwaka huu sijaruka sana, kazi. Swali, kama nikichukua Photon masikio (ncha za bawa) nitakunjaje nikitaka kushuka haraka wingu likikua?

DadaRubani:
Ukivuta A za nje kama ulivyozoea yatapigapiga, mabawa mengi ya safu mbili hayapendi. Wengine wanatumia B za nje, fundishwa na mtu hewani kwanza. Lakini dawa ya wingu ni kuliona mapema ukaondoka na baa. Ewa Wiśnierska mwaka 2007 kule Manilla, Australia, alivutwa na wingu la radi mpaka zaidi ya mita 9,900, akapoteza fahamu akaamka akiwa bado anaruka. Yule alikuwa bingwa. Kerio mawingu yakianza kusimama wima upande wa Cherangani mi nashuka.

Mwewe_Tambach:
Na rizavu yako Kipanga, ni ya ukubwa gani? EN 12491, kipimo cha rizavu, inaruhusu kushuka mpaka mita 5.5 kwa sekunde, hiyo ni kwa hewa nzito ya chini. Juu Iten unashuka kwa kasi zaidi. Chukua iliyozidi uzito wako, usibanane na kikomo. Na ilikunjwa lini?

Kipanga_NBO:
Ya duara, ya kawaida. Ilikunjwa... nitaangalia kadi.

Pepo_za_Ngong:
Chukua ya mraba bana, haiyumbi.

Arusha_Juu:
Ya mraba ndiyo, lakini ajifunze kuitoa kwenye hiyo pod yake akiwa amening'inia kwenye kamba hapo nyumbani, pini za hanesi zingine mkono haufiki vizuri ukiwa umelala. Nimeona mtu anavuta mpaka anatoka jasho na iko ardhini.

Mzee_wa_Upepo:
Jumamosi ijayo kuna wachache tunakunja rizavu kwenye ukumbi wa shule moja hapa Eldoret, aliye karibu aje na yake. Fundi, ile leza yako utakuja nayo au iko kwa mtu?

Fundi_Kamba:
Iko kwa mtu Nakuru, nikiipata kabla ya Ijumaa nakuja nayo. Nani anapita Nakuru na gari?